Vikomo Vilivyotumika

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umefunguliwa. Daftari hili nimepewa na mkuu wa maktaba niandike matatizo ya dawati la msaada, ili mwisho wa muhula tutoe ripoti. Matatizo yatafuata. Leo naandika ninayoyataka.

Kabla ya saa sita walishanijia wanafunzi tisa, kila mmoja na matokeo elfu arobaini kwenye kioo, macho yamewatoka. Mmoja alikuwa ameandika neno moja tu, "afya", akabonyeza kutafuta. Nikamwambia mwanangu, wewe umeomba maji ya kunywa umefunguliwa bwawa. Mchana nikachoka. Nikazunguka kompyuta zote kumi na mbili za ukumbini, na ya kwangu ya dawatini, nikaweka tiki tatu pembeni mwa hifadhidata: makala kamili tu; makala za majarida yaliyopitiwa na wataalamu; miaka kumi ya karibuni. Halafu nikabonyeza "kumbuka chaguo hili". Matokeo elfu arobaini yakawa mia mbili. Wanafunzi wakanishukuru kama nimewatoa mwiba.

Bwana Kadi ndiye pekee aliyenuna. Huyu ni mkatalogi wetu, yuko chumba cha chini anaingiza tasnifu za zamani kwenye mfumo, na jina hilo tulimpa kwa sababu amekataa katakata droo zake za kadi zitupwe. Alipanda ngazi akihema, akaniuliza na tasnifu zake je, maana nyingi zina kichwa na muhtasari tu, hazina matini kamili, na ni za zamani. Nikamuuliza nani anazisoma. Akasema, "Hakuna, ukishazificha."

Nimecheka mpaka jioni.

Jumatano, 5 Machi

Paa linavuja kona ya magazeti. Nimeomba ndoo.

Jumatatu, 10 Machi

Malalamiko yamepungua nusu. Mkuu wa maktaba alisimama nyuma yangu robo saa nzima akiniangalia ninavyomfundisha binti mmoja kupunguza matokeo, kisha akasema polepole kwamba nafasi ya ukuu wa kitengo itakuwa wazi katikati ya mwaka, nisikae kimya. Miaka ishirini na mbili nagonga mihuri humu ndani. Kichwa kilinivimba, sitadanganya daftari langu mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Chiriku amekuja nyumbani. Ni mdogo wangu wa kunifuata, mkunga, na jina hilo analo tangu ana miaka minne, kwa kuwa akianza kusema hujui ataishia wapi. Ukimuuliza saa, atakueleza saa ilinunuliwa wapi na muuzaji alikuwa anaumwa nini.

Anasoma shahada ya pili kwa vipande vipande, katikati ya zamu. Usajili wake umeshaongezwa mara mbili. Barua ya safari hii haina huruma: pendekezo la utafiti lipite mbele ya jopo muhula huu, la sivyo usajili unafutwa. Msimamizi wake anataka pia fomu ya utafutaji, ile karatasi ya kwetu inayothibitisha kwamba mwanafunzi ametafuta tafiti zilizotangulia, na mkutubi ametia sahihi.

Mama, ninayeishi naye, alikuwa anasikiliza kutoka chumbani. Akasema, "Msaidie mwenzio. Wewe ndiye mwenye vitabu." Nikamwambia Chiriku asijisumbue, nitamtafutia mwenyewe.

Jumanne, 18 Machi

Alikuja dawatini saa nane akitoka kazini, sare ndani ya mfuko. Swali lake ni zuri, nalikiri: kwa nini wajawazito wanafika wodini wakiwa wameshachelewa, kwenye hospitali ndogo kama ya kwao. Nikaandika maneno matano, nikayaunganisha ipasavyo. Thelathini na moja. Nikaongeza "hospitali ndogo". Sita. Nikaongeza "zamu" na "usafiri". Sifuri.

Nikapiga makofi. Watu hawajui, lakini mtafiti akipata sifuri ameokota dhahabu. Nikamweleza kwamba hilo ndilo pengo la utafiti, jopo litambeba mabegani.

Hakufurahi. Alikuwa anakitazama kioo kama anamsubiri mtu atokee. Akasema, "Lakini dada, kuna mwanamke aliwahi kuja wodini kwetu na swali hilihili. Mwaka ule nilioajiriwa. Alikaa wiki tatu na makaratasi yake, mvua zilikuwa kubwa, akawa anavaa viatu vya..."

"Chiriku, fupisha. Aliandika wapi?"

"Sijui. Alikuwa mwanafunzi tu, alikuwa anauliza maswali ya..."

"Kama hayumo humu, hayupo," nikamwambia.

Akashusha macho kwenye mfuko wa sare. Nilijaza fomu kwa kalamu yangu nyeusi. Maneno yaliyotumika, nikajaza. Hifadhidata, nikajaza. Mstari wa tano unasema "Vikomo vilivyotumika", nami nikaandika "Hakuna", kwa sababu siku hiyo sikuwa nimeweka kikomo chochote kwa mkono wangu. Nikatia sahihi, nikagonga muhuri. Alinishukuru mara tatu.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Ndoo mbili.

Jumatano, 9 Aprili

Chiriku anaandikia pendekezo lake sebuleni kwangu siku za mapumziko. Anaandika anavyosema. Ukurasa wa kumi na mbili wote ulikuwa habari za yule mwanamke wa makaratasi. Nikaupiga mstari kutoka kona hadi kona. Akauliza kama hata aya moja haiwezi kubaki. Nikamwambia hadithi si ushahidi. Mama alinitupia jicho, sikujali.

Jumanne, 22 Aprili

Msimamizi amesifu. Jioni tulipitia mara ya mwisho. Alikuwa ameandika, "Huenda hakuna utafiti uliowahi kufanywa kuhusu suala hili katika hospitali hizi." Nikafuta "huenda". Nikamwambia msomi hasemi huenda, utaonekana mwoga.

Jumatano, 30 Aprili

Paa limezibwa. Limevuja pembeni ya lilipozibwa.

Jumanne, 6 Mei

Nilikuwa dawatini tangu asubuhi, moyo uko kwenye chumba cha jopo. Alitoka saa saba. Nilimwona akivuka ukumbi, anatembea taratibu kama mtu aliyebeba maji kichwani, nikajua.

Alikaa kwenye kiti cha wanafunzi, akanieleza kwa sentensi chache, yeye ambaye sentensi chache hazijui. Mtahini wa nje alifungua mkoba, akatoa tasnifu ya miaka kumi na minne iliyopita. Swali lilelile. Wodi ileile. Yeye mtahini ndiye aliyeisimamia. Akauliza kama mwanafunzi ametafuta. Chiriku akampa fomu yangu. Mtahini akaisoma kwa sauti mpaka mstari wa tano, "Vikomo vilivyotumika: Hakuna," akasema basi binti umetafuta kila mahali ukashindwa kuona kilichomo kwenye chumba cha chini cha maktaba yenu.

"Nikawaambia nilimwona aliyeiandika," Chiriku akasema. "Nikawaambia nilidhani hakumaliza. Mmoja akacheka."

Alipokuwa anasema hayo macho yangu yaliteleza kwenye kioo, pembeni, pale ambapo hatuangalii kwa kuwa tumezoea. Tiki tatu. Zangu. Zimekaa pale tangu tarehe tatu Machi, zinakumbuka nilichozituma. Tasnifu haina matini kamili. Si makala ya jarida. Ina miaka kumi na minne. Kila tiki peke yake ingetosha kuificha, nami niliziweka zote.

Yeye alikuwa upande wa pili wa kioo, hazioni. Nilichofanya ni kuinuka kumletea maji. Alikunywa nusu, akaniambia pole kwa kuniaibishia fomu yangu. Aliniambia mimi pole.

Jumatano, 7 Mei

Msimamizi wake alikuja saa nne. Ni mtu mpole, alikuwa anatafuta njia ya kumwokoa. Akanieleza kwamba kamati inakaa Ijumaa ya tarehe kumi na sita, saa nane mchana. Ikionekana kosa la utafutaji ni la ofisi, mwanafunzi ataongezewa muhula mmoja na atarekebisha. Likiwa la mwanafunzi, usajili umekwisha. Akauliza, bila ubaya wowote, nani alitafuta.

Mkuu wa maktaba alikuwa amesimama pale pale, faili kwapani, anatusikiliza.

Nikasema, "Alitafuta mwenyewe. Mimi niligonga muhuri."

Ni maneno matano. Nimeyahesabu usiku kucha. Niliwahi kumbeba Chiriku, akiwa mtoto, mgongoni kilomita mbili alipochomwa na msumari, nikamwambia anishike shingo asiogope, sitamwangusha.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua kutwa. Sikupeleka ndoo, maji yameingia mpaka rafu ya ramani.

Ijumaa, 9 Mei

Chiriku amepiga simu kumsalimia mama. Sikuomba niongee naye.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeandika barua kwa kamati. Nusu ukurasa. Nilitafuta mimi, tiki niliziweka mimi, mstari wa tano niliujaza mimi, na nilipoulizwa nilisema uongo. Nimeiweka kwenye bahasha. Bahasha nimeiweka droo ya juu.

Jumanne, 13 Mei

Ipo droo ya juu.

Jumatano, 14 Mei

Mkuu ameniita. Usaili wa ukuu wa kitengo ni kesho saa tatu. Akasema ni kama taratibu tu, jina langu liko mdomoni mwa kila mtu. Barua nimeihamishia droo ya chini, ili nisiione ninapochukua kalamu. Nikajiambia kesho nikitoka kwenye usaili naipeleka moja kwa moja.

Alhamisi, 15 Mei

Usaili ulikwenda vizuri mno. Waliniuliza sifa moja ninayojivunia kazini, nikasema umakini. Nilijisikia ninavyolitamka neno hilo.

Mchana mvua ilikuwa kubwa, nikasema nitalowa, bahasha italowa. Jengo la utawala liko hatua themanini kutoka hapa.

Ijumaa, 16 Mei

Niandike ilivyokuwa, bila kujipamba.

Saa tatu niliitoa bahasha, nikaiweka juu ya meza. Saa nne akaja mwalimu anatafuta gazeti la zamani, nikamtafutia, tena kwa bidii ambayo sijawahi kuwa nayo. Saa tano kulikuwa na foleni ya wanafunzi wanne, nikasema nimalize hawa. Wakaja wengine. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Saa sita nikaenda kula, sikula. Saa saba nikarudi, nikasema saa nane kasoro robo nitakuwa nimefika, ni hatua themanini tu. Saa nane kasoro robo nilikuwa namwonyesha msichana mmoja namna ya kuondoa neno moja kwenye utafutaji. Angeweza kusubiri. Alisema mwenyewe kwamba anaweza kusubiri.

Nilipanda ngazi za utawala saa tisa na dakika tano. Katibu wa kamati alikuwa anakunja karatasi. Akasema walianza kwa wakati na hawakuwa na majina mengi. Orodha imeshasainiwa. Nikamwambia nina barua inayomhusu mmoja wao. Akaisoma yote, akaniangalia, akaisoma tena. Akasema atajadili na mwenyekiti, lakini nisiwe na tumaini kubwa, kwa kuwa kamati inakaa tena mwakani, na inasikiliza wenye usajili ulio hai. Akagonga muhuri wa "Imepokelewa", na tarehe. Tarehe ilikuwa sahihi.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemwambia. Alikuja kumletea mama dawa, akakaa ukingoni mwa kitanda changu anakunja sare zake nilizomfulia. Nilimweleza tangu tarehe tatu Machi mpaka saa tisa na dakika tano. Sikuruka kitu. Alisikiliza bila kunikatiza, na hilo peke yake lilinichoma, maana mimi sijawahi kumfanyia.

Alimaliza kukunja sare ya mwisho. Nilikuwa nimejiandaa na swali la kwa nini. Nilikuwa na majibu: mvua, foleni, mwalimu wa gazeti.

"Ulikuwa unamngoja nani?" akauliza.

Nikaanza kuomba radhi. Akatikisa kichwa, akachukua mfuko wake, akamuaga mama, akaondoka. Mama aliiacha chai ikapoa, halafu akasema yule mtoto tangu zamani ukimnyamazisha hakugombezi, anaondoka tu, na kwamba hilo ningekuwa nimelijua kama ningekuwa namsikiliza.

Jumatatu, 19 Mei

Nimefika kabla ya wenzangu. Nimezunguka kompyuta zote kumi na tatu, nimeondoa tiki. Kwangu nikaandika maneno yaleyale matano ya Machi, na yale ya kuongeza. Matokeo: moja.

Nikashuka chumba cha chini. Bwana Kadi hakusema "si nilikuambia". Alinipa kadi ya kuombea na kalamu ya risasi, akanisimamia mpaka nikajaza kila mstari, mimi mfanyakazi mwenzake wa miaka ishirini na mbili. Nilijaza. Akaniletea tasnifu, jalada la bluu limefifia, akaipangusa kwa kiwiko cha sweta.

Nilisoma nimesimama, kisha nikakaa juu ya ngazi yake. Ni kazi safi. Mwishoni kuna dodoso, maswali kumi na mawili. Swali la saba limeandikwa: "Ulikuwa unamngoja nani?" Na chini yake, kwa herufi ndogo, mtafiti ameeleza:

"Awali swali hili liliuliza: Kwa nini ulichelewa? Mkunga mmoja kijana wa wodi hii, mwenye maneno mengi, ndiye aliyenikataza. Alisema ukimuuliza mama kwa nini amechelewa ataomba radhi, na radhi si jibu. Muulize alikuwa anamngoja nani: mume, mkwe, gari, au mtu wa kumwambia kwamba anastahili kwenda. Nilibadilisha, na sura ya nne yote imetokana na swali hili."

Alikuwa humo. Mdogo wangu alikuwa humo miaka kumi na minne, na mimi ndiye niliyemfungia nje, halafu nikamwambia kama hayumo humu, hayupo. Nililia kwenye chumba cha chini mbele ya Bwana Kadi, naye akajifanya anapanga kadi ambazo zimepangwa tangu sijaajiriwa.

Ijumaa, 23 Mei

Chiriku hapokei simu. Majibu ya kamati yamekuja: barua imesomwa, uamuzi unabaki. Akitaka, aombe upya kama mwanafunzi mpya, aanze mwanzo.

Jumatatu, 26 Mei

Mkuu wa maktaba naye amepata nakala ya barua yangu. Cheo kimekwenda kwa mwingine. Nilidhani nitaumia zaidi.

Alhamisi, 29 Mei

Hapokei.

Jumatatu, 2 Juni

Mvua zinakatika. Nimerudisha ndoo stoo. Wanafunzi wamelalamika matokeo yamekuwa mengi tena. Nimewaambia wakae, tutayapitia pamoja.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda hospitalini kwao. Nilikaa kwenye benchi la nje ya wodi ya wazazi tangu saa sita, pamoja na waume na mama wakwe, mpaka alipotoka saa nane kupumzika. Aliniona. Nilidhani atapita. Akaja kukaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

Nikampa nakala ya ukurasa ule. Aliusoma taratibu, kidole chini ya mstari. Alipofika katikati akasimama.

"Ameandika 'mwenye maneno mengi'?" akauliza.

"Ameandika."

Akacheka, kisha macho yakajaa, akayafuta kwa kiganja. Akasema basi alimaliza yule dada, Mungu amjalie, alikuwa anakohoa sana. Nikamwambia ninalo jibu la swali la saba. Nilikuwa nangoja usaili upite. Nilikuwa nangoja cheo kwanza, wewe baadaye. Nilikuwa nangoja pia mtu aje aniambie si kosa langu, na hakuja.

"Hilo sasa ni jibu," akasema. "Sijakusamehe, dada. Na kuanza upya sijui kama nitaweza, nina umri huu, na zamu hizi. Usiniulize leo."

Sikumuuliza. Muuguzi mmoja akapita, akamsalimia, akaendelea. Chiriku akaukunja ule ukurasa mara nne, akautia mfukoni mwa sare. Halafu, akiwa anatazama mlangoni mwa wodi, akaanza kusema kwamba mwaka ule mvua zilikuwa kubwa, na yule mwanamke alikuwa anavaa viatu vya mpira vya kijani, kimoja kimetoboka, kila asubuhi anakikausha dirishani kwao.

Nilitaka kujua kama aliwahi kumwachia anwani. Swali lilinifika kwenye ulimi. Nikalimeza. Alieleza viatu, akaeleza dirisha, akaeleza mama aliyejifungua siku viatu vilipoibwa, na mume wa yule mama, na ndugu wa yule mume, mpaka kengele ya zamu ikalia. Sikupunguza hata neno moja.